Ndege Iliyosimama Nyuma Yao

Mtu aliyekulia Lupingu hahitaji kusoma jina la chombo ndipo akijue. Meli ikiwa bado doa tu upande wa Manda, watu walioko ufukoni huwa wamekwisha kuitaja. Enzi zile MV Songea na MV Iringa zote zilipokuwa zikifanya safari katika Ziwa Nyasa, mzee aliweza kukuambia ni ipi inayokuja kwa jinsi ilivyokaa majini, kwa moshi wake, na hata kwa saa iliyotokeza. Mtumbwi wa mgeni nao hujulikana kwa namna mpiga kasia anavyoinama. Hakuna aliyewahi kuiita kazi hiyo elimu. Ni macho, na kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Nimeanza na jambo hilo kwa kuwa nataka kuzungumzia utambuzi wa namna hiyo hiyo, ila wa chombo kingine: kuzitambua ndege za zamani, hasa zile zilizokuwa chache, kutokana na picha. Wako watu wengi duniani waliojitolea kwa kazi hiyo. Huwekewa picha chakavu, isiyo na maelezo, nao huhesabu injini, hupima mkia kwa macho, halafu husema: hii ni aina fulani, ilitengenezwa mwaka fulani. Baadhi ya wasomaji wataona kwamba huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sikatai kwamba wengine huufanya kama mchezo. Lakini katika nchi kama yetu, ambamo wazee wengi walizaliwa "mwaka wa nzige" au "mwaka wa njaa", ndege iliyotambuliwa vizuri ni kalenda. Na kalenda hiyo, kama nitakavyoeleza, inaweza kuupangua ukoo na kuupanga upya.

Hebu kwanza tuone jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Mtambuzi huanza na mabawa. Je, ni jozi moja au ni mawili yaliyopandana, yameshikiliwa na vijiti na nyaya? Kama ni jozi moja, je, limekaa juu ya mgongo wa ndege au chini ya tumbo? Kisha huhesabu injini na kuangalia zilipofungwa. Kisha magurudumu, mkia, madirisha. Ikiwa ndege ni ya majini, huangalia kama imesimama juu ya maboya mawili au kama tumbo lake lenyewe ndilo mashua. Mwisho huangalia herufi za usajili, ikiwa zinaonekana. Ndege ya Uingereza ilianza na G. Ya Kenya wakati wa ukoloni ilianza na VP-K, ya Tanganyika VR-T, ya Zanzibar VP-Z. Ndege ya Uswisi hadi miaka ya 1930 iliandikwa CH na tarakimu. Baada ya uhuru wetu herufi za Tanzania zikawa 5H, za Kenya 5Y na za Uganda 5X. Kwa hiyo herufi chache tu za mwanzo, hata kama nyingine zimefunikwa na kichwa cha mtu, zinaweza kumwambia mtazamaji nchi na kipindi.

Mitego nayo ni mingi. Filamu ikigeuzwa wakati wa kusafisha picha, kushoto huwa kulia. Maelezo yaliyoandikwa nyuma ya picha mara nyingi yameandikwa miaka thelathini baadaye na mtu ambaye hakuwapo. Hata jina lililopakwa rangi puani mwa ndege laweza kudanganya. Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilikuwa na ndege yake mpya iliyoitwa Atalanta. Ilipoharibika mwaka 1932, jina hilo likahamishiwa kwa ndege nyingine ya aina ile ile, na ile ya kwanza ikatengenezwa na kuitwa Arethusa. Anayesoma jina peke yake atazichanganya ndege mbili. Anayesoma herufi za usajili hatazichanganya.

Sasa, mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Afrika Mashariki ilipata ndege mapema, na nyingi ya hizo zilikuwa za ajabu hata kwa wakati wake. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege dhaifu za mbao na kitambaa katika visiwa vya Niororo na Mafia ili kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha ndani ya mikondo ya Rufiji. Baadhi yake joto na unyevu viliziharibu hata kabla ya adui kuzigusa. Tarehe 11 Julai 1915 ndege aina ya Farman ndiyo iliyokuwa juu ikielekeza mizinga hadi Königsberg ikamalizwa, na ndege hiyo nayo ikapigwa ikaanguka mtoni. Mwaka uliofuata Wabelgiji walikuwa na ndege nne za majini aina ya Short katika Ziwa Tanganyika, nazo zilikwenda kuishambulia Kigoma. Mtu akiiona picha ya ndege yenye maboya, watu wamesimama hadi kiunoni katika maji ya ziwa letu la magharibi, basi anajua pa kuanzia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tabora. Mwanzoni mwa 1920 ndege kadhaa zilishindana kuwa ya kwanza kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Moja iligharimiwa na gazeti la The Times la London, na ndani yake alikuwamo mwanasayansi Peter Chalmers Mitchell. Ilifika Tabora, na tarehe 27 Februari 1920, ilipojaribu kuondoka, ikaanguka na safari ikaishia hapo. Siku nane tu baadaye, tarehe 6 Machi, ndege ya washindani wao Van Ryneveld na Brand, iliyoitwa Silver Queen, ilianguka Bulawayo. Zote mbili zilikuwa aina ya Vimy, zote za mabawa mawili yaliyopandana, zote za injini mbili. Picha ya Vimy iliyovunjika katikati ya vichaka vya Afrika ni ya Tabora au ya Bulawayo? Jibu liko tumboni. Silver Queen ilikuwa ndege ya vita, nyembamba kama mtumbwi. Ile ya Tabora ilikuwa Vimy ya abiria, yenye kiwiliwili kinene cha mviringo kama yai. Kwa alama hiyo moja mtazamaji anakuwa amejua mji, mwezi na mwaka, na watu wa Tabora waliosogea kuitazama wanakuwa wamerudishwa kwao.

Baadaye wakaja wapiga picha wenyewe kwa ndege. Mswisi Walter Mittelholzer aliondoka Zürich tarehe 7 Desemba 1926 kwa ndege ya majini aina ya Dornier Merkur, akafuata mto Nile na maziwa makubwa, akafika Cape Town tarehe 21 Februari 1927. Mwingereza Alan Cobham naye aliizunguka Afrika mwaka 1927 na 1928 kwa ndege ya majini aina ya Singapore, ambayo katika umbo lile la kwanza ilitengenezwa moja tu duniani. Januari 1930 Mittelholzer alirudi kwa ndege nyingine akapita juu ya kilele cha Kilimanjaro, akapiga picha barafu yake ilipokuwa bado nyingi.

Picha za Mittelholzer zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH huko Zürich. Maktaba hiyo ilifanya jambo la busara. Ilipoona kwamba ina picha nyingi mno zisizo na maelezo, iliwaomba kwanza wastaafu wa shirika la ndege la Swissair waseme wanachokijua, na kuanzia 2016 ikawaalika watu wote. Fundi mstaafu akitazama bawa anakumbuka ndege aliyoifunga bolti. Hapo ndipo nilipouona mfanano na ufuko wa Lupingu: maarifa yaliyomo katika macho ya watu wa kawaida yameulizwa, yamejibu, na yameandikwa kabla wenyewe hawajafa.

Kuna kanuni moja katika kazi hii ambayo mtu asiyeizoea huiona kinyume. Ndege inavyozidi kuwa adimu ndivyo inavyozidi kutufaa. Dakota, kwa mfano, zilitengenezwa zaidi ya 10,000 na zikaruka duniani kote kwa miongo mingi. Shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kufa 1977, lilizitumia pia. Ukimwona mjomba wako amesimama mbele ya Dakota, umejua machache sana. Lakini ukimwona amesimama mbele ya ndege ambayo zilikuwapo nane tu, na zilipita njia hiyo kwa miaka minne au mitano, umeshika kitu.

Na hapa naingia katika habari ya nyumbani kwetu.

Babu yangu alikuwa na wake wawili. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa mtu wa Lupingu penyewe. Mwingine alitoka upande wa Manda. Wote watatu walikwisha kufariki, na baba yangu pia, lakini swali lilibaki: nani aliolewa kwanza? Kwa mgeni swali hilo ni dogo. Kwetu ndilo linaloamua nyumba ipi ni kubwa, nani anakaa mbele msibani, nani anapokea neno la kwanza watu wakija kuposa, na nani anasema juu ya miembe na kiwanja cha ufukoni. Linaamua hata salamu. Kaka wa baba ni baba mkubwa, mdogo wake ni baba mdogo. Mtoto wa kwanza wa yule mama wa Manda, aliyekuwa bado hai, sisi tulimwita baba mkubwa tangu utoto wetu. Lakini shangazi yetu, dada wa tumbo moja na baba, alikuwa akinung'unika kila mara kwamba tumefundishwa kinyume.

Mambo mawili yalikubaliwa na kila upande. La kwanza, babu alikwenda kufanya kazi Mbeya, kama vijana wengi wa ziwani waliopanda milima ya Livingstone kufuata fedha wakati wa dhahabu ya Lupa. Huko alisukuma mapipa ya petroli katika uwanja wa ndege. Aliporudi alikuja na picha, na mwaka ule ule akamwoa bibi yetu. La pili, yule mtoto wa Manda alibatizwa mwanzoni mwa 1941 akiwa mchanga, na kitabu cha ubatizo kipo. Kilichobishaniwa ni mwaka wa picha. Nyumba ya Manda ilisema: hiyo ni ndege ya vita, picha ni ya 1942, kwa hiyo bibi wa Lupingu alikuja baadaye. Shangazi alisema babu alirudi kabla vita havijasikika. Picha yenyewe haikuandikwa neno lolote mgongoni.

Shangazi alinikabidhi picha hiyo nikapanda nayo hadi Njombe, nikaichunguza kwa kioo cha kukuzia kando ya vitabu vya ndege nilivyokuwa navyo. Wanaume saba wamesimama katika mstari, kaptula na miguu mitupu. Babu ni wa tatu kutoka kushoto. Nyuma yao kunaonekana nusu ya ndege tu. Bawa ni moja, limekaa juu ya mgongo, nene, halina kijiti wala waya. Upande unaoonekana una injini mbili, kwa hiyo zote ni nne. Na tumbo la ndege liko chini sana, karibu liguse nyasi, kwa sababu miguu ya magurudumu imefichwa ndani ya kiwiliwili.

Nikazipitia moja moja ndege za abiria ambazo zingeweza kusimama Mbeya. Imperial Airways ilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, ilipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kwa ndege aina ya Hercules. Hiyo ina injini tatu na mabawa mawili yaliyopandana. Siyo. Junkers za Afrika ya Kusini zina bawa chini ya tumbo, injini tatu, na mwili wa mikunjo kama bati la paa. Siyo. Lodestar za wakati wa vita zina injini mbili na mkia wa mapezi mawili. Siyo. Iliyobaki ni ile niliyoitaja mwanzo, aina ya Atalanta, ambayo kampuni ya Armstrong Whitworth ilitengeneza nane tu. Ziliingia njia ya Afrika mwanzoni mwa 1933. Katikati ya 1937 Imperial ikaihamisha njia yake kuu kwenda pwani, kwa ndege kubwa za majini zilizopitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban, na Mbeya ikabaki na ndege ndogo. Mojawapo ya zile nane, Amalthea, iliangukia Kisumu Julai 1938. Zilizosalia hadi 1941 zilikuwa India, zikakabidhiwa jeshi huko. Leo hakuna hata moja iliyobaki duniani, hata ya makumbusho.

Basi picha haikuwa ya 1942. Ilikuwa ya kati ya 1933 na 1937. Siku siijui, wala mwezi, na utambuzi wa kweli hausemi zaidi ya unachokiona. Lakini ilitosha.

Kikao cha ukoo kilikaa Lupingu mwaka 1999. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, kwa upole niwezavyo, maana si jambo jepesi kumwondolea mzee cheo alichokuwa nacho maisha yake yote. Kijana mmoja wa nyumba ya Manda aliuliza kama ndege ya namna hiyo haikuweza kupita tena miaka ya baadaye, na swali lake lilikuwa zuri. Nikamjibu kwa kuzihesabu zile nane. Kisha kimya kikaingia. Baba mkubwa akaiomba picha, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu.

Hatimaye akasema, "Ndege mmeitambua. Mmeijua mpaka fundi aliyeitengeneza. Haya, hawa sita wengine ni akina nani?"

Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimetumia wiki tatu nikihesabu injini, na watu waliosimama mbele yake nilikuwa nawaona kama nguzo za uzio. Mzee mwenyewe akaweka kidole. Huyu wa mwisho kulia, akasema, ni mtu wa Upangwa, alikuwa akishuka na maharage kubadilishana na dagaa, na babu yenu alimwita ndugu. Huyu aliye karibu na bawa alikuwa Mkisi, alifia Chunya. Akayataja majina yao, na kijiji cha kila mmoja. Wale wanne wengine hakuwajua, na shangazi hakuwajua, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuuliza. Tuliandika majina matatu mgongoni mwa picha kwa penseli, pamoja na jina la ndege.

Kuhusu cheo, mzee aliamua mwenyewe kabla hajaulizwa. Alinigeukia akasema, "Kuanzia leo niite baba mdogo. Ila usinipunguzie shikamoo." Watu wakacheka, na shangazi akalia. Miembe iligawanywa sawa kwa sawa, jambo ambalo pengine lingewezekana miaka ishirini nyuma kama pangekuwa na mtu wa kuianzisha habari.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Nadhani mzee hakuuliza swali lake kwa uchungu wa kushindwa. Aliona kitu ambacho vitabu vya ndege havikioni. Ndege nane zimeandikwa kila moja kwa herufi zake, jina lake, siku iliyoruka na siku iliyokufa. Watu waliosukuma mapipa ya petroli ili ziruke, wakafyeka nyasi za kiwanja ili zitue, wameandikwa katika maelezo mengi ya picha za enzi ile kwa neno moja tu, "wenyeji". Ujuzi unaoweza kutofautisha Vimy nyembamba na Vimy nene ni ujuzi wa kweli, nami nauheshimu. Bila huo tungeendelea kubishana. Lakini chuma kinaweza kusubiri. Vipimo vyake viko katika karatasi za kiwandani, na mtu wa miaka mia ijayo atavisoma kama nilivyovisoma mimi. Sura ya mtu haina karatasi ya kiwanda. Jina lake limo ndani ya kichwa cha mwingine, na kichwa hicho kinazeeka.

Kwa hiyo namshauri msomaji mwenye sanduku la picha nyumbani. Ukikuta ndege, meli, lori au baiskeli nyuma ya watu wako, usiikate wala kuidharau. Mtafute anayeijua, maana huenda ikakupa mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Lakini kabla hujaenda kwa mjuzi wa ndege, nenda kwa mzee. Mkalishe penye mwanga, mpe picha mkononi, na anza kuuliza kutoka kushoto. Baba mdogo alifariki miaka sita baada ya kikao kile. Nyuma ya picha ile bado pana nafasi ya majina manne.